Mguu usiouma ndio wa kuogopwa

Kwa kawaida mtu huenda kwa daktari kwa sababu anaumwa. Maumivu ndiyo yanayojaza mabenchi ya zahanati zetu kila asubuhi. Lakini kuna wagonjwa ambao huchelewa kufika kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo: hawakuumwa. Mtu huingia akitembea mwenyewe, pengine ameletwa shingo upande na bintiye, na anapovua kiatu na soksi chumba kizima hujaa harufu. Chini ya wayo mna shimo la kutosha kuingiza ncha ya kidole. Ukimwuliza, "Mzee, kidonda hiki kina siku ngapi?" hujibu, "Sijui, daktari, lakini hakiniumi." Tena huyasema hayo kwa sauti ya kukutuliza wewe, kana kwamba ni habari njema.

Si habari njema hata kidogo. Wengi wa watu hawa wana ugonjwa wa kisukari, na mguu wao umenyamaza kwa sababu mishipa ya fahamu, ambayo siku hizi huitwa neva, imekufa. Ili msomaji atambue hatari ya mguu kunyamaza, ni vyema kwanza ajue jinsi mguu wenye uzima unavyosema.

Zaidi ya milango mitano

Shuleni tulifunzwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hesabu hiyo ni nzuri kwa mtoto wa darasa la pili, lakini hupunja ngozi. Ngozi peke yake ina neva za mguso mwepesi, za mtetemo, za joto, za baridi na za maumivu, na kila kundi lina njia yake. Isitoshe, ndani ya misuli na viungo mna hisi nyingine ambayo haikutajwa kabisa. Funga macho, nyosha mkono, kisha uguse ncha ya pua yako kwa kidole. Hukuiona pua wala kidole, lakini ulijua kila kimoja kiko wapi. Hisi hiyo ndiyo inayokuwezesha kushuka ngazi gizani stima zinapopotea.

Sasa tuseme umekanyaga msumari. Katika ngozi ya wayo mna ncha za neva zilizo wazi, nyembamba kuliko unywele, na kila ncha ina vilango vidogo mno vilivyoundwa kwa protini. Neva ikiwa imetulia, ndani yake mna chaji ya umeme iliyo pungufu kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Betri ndogo ya tochi ina kama mara ishirini ya hiyo. Msumari unapobonyeza, vilango hufunguka na sodiamu, ile ile iliyo katika chumvi ya mezani, humiminika ndani. Sehemu hiyo ikipata chaji huamsha vilango vya jirani, navyo huamsha vinavyofuata, mfano wa watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji kuzima moto. Hakuna mtu anayekimbia kutoka kisimani hadi kwenye moto, lakini maji hufika.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba ujumbe huo hausemi "msumari" wala "moto". Ishara ya neva ya joto na ya neva ya maumivu zikipimwa kwa mitambo hufanana. Ubongo hujua ni nini kilichotokea kwa kuangalia ni neva ipi iliyobisha hodi, na hujua ukubwa wa jambo kwa kuhesabu hodi ni ngapi kwa sekunde. Neva ikifa hakuna hodi, na ubongo huchukulia kwamba huko chini kuna amani.

Seli moja, mita moja na nusu

Seli nyingi za mwili huwezi kuziona bila hadubini. Seli ya neva inayohudumia kidole gumba cha mguu nayo ni nyembamba kiasi hicho, lakini urefu wake ni wa ajabu. Kiini chake kiko kando ya uti wa mgongo, karibu na kiuno. Kutoka hapo tawi moja hushuka kupitia nyonga, paja na muundi hadi kidoleni. Katika neva za mguso, tawi jingine hupanda ndani ya uti wa mgongo mpaka chini ya ubongo. Kwa mtu mrefu, seli hiyo moja huweza kufika mita moja na nusu.

Naomba msomaji aukumbuke urefu huo, maana ndio chanzo cha mkasa wote. Chakula na vipuri vya tawi hilo hutengenezwa kule kiunoni na kusafirishwa hadi kidoleni. Shehena ya haraka huchukua siku mbili tatu. Protini nyingine husafiri milimita chache tu kwa siku, kwa hiyo zikiondoka leo zitafika baada ya miezi mingi. Chochote kinachoiharibu njia hiyo kitaonekana kwanza mwisho wa njia, yaani kwenye vidole vya miguu.

Neva hizi pia hazina mwendo mmoja. Za mguso ni nene na zimevikwa ala ya mafuta inayoufanya ujumbe kuruka hatua kwa hatua, hivyo huenda kasi ya mita 50 kwa sekunde au hata zaidi. Baadhi ya neva za maumivu zina ala nyembamba na ni za kasi ya wastani. Nyingine hazina ala kabisa, na ujumbe wake huenda kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole barabarani. Bila shaka umewahi kujigonga kidole cha mguu kwenye ukingo wa kitanda usiku. Kwanza unajua umejigonga. Kisha kuna kitambo kidogo cha kusubiri, ukiwa umeuma meno kwa sababu unajua kinachokuja. Halafu kinakuja. Kitambo hicho ndio muda ambao neva zile za mwendo wa miguu zinatumia kupanda hadi kichwani.

Ubongo wenyewe hausubiriwi. Ujumbe wa msumari ukifika kwenye uti wa mgongo, amri hutolewa papo hapo: misuli ya mguu huo iuinue, na misuli ya mguu wa pili ikaze ili usianguke. Unapotamka "aaah", mguu tayari uko juu.

Pilipili na moto

Kwa muda mrefu wanasayansi hawakujua hasa vilango vile vya protini ni vipi. Ufunguo ulipatikana kwa pilipili. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California, Marekani, walitumia kemikali inayoifanya pilipili iwe kali kuitafuta protini inayoitikia ukali huo. Walipoipata waliona kwamba protini hiyo hiyo hufunguka ikipata joto la kufikia nyuzi 43 hivi, kiwango ambacho ngozi huanza kuhisi kwamba inaungua. Kwa ubongo, basi, pilipili na moto ni kitu kimoja, na mtu anaposema mdomo unawaka hasemi kwa mafumbo. Ndege wana protini ya namna hiyo pia, lakini yao haiitikii pilipili, ndiyo sababu kuku hudonoa pilipili kichaa shambani bila wasiwasi. (Aliyezidiwa na pilipili mezani anywe maziwa, ukali wake huyeyuka katika mafuta, si katika maji.) Mwenzake Julius, Ardem Patapoutian, naye alizigundua mwaka 2010 protini zinazofunguka zikisukumwa, na kazi hiyo ilisaidia kufafanua mguso na ile hisi ya viungo niliyoitaja. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Je, ingekuwa heri vilango vya maumivu visiwepo? Kuna watu waliozaliwa hivyo. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia tatu za kaskazini mwa Pakistan zenye watoto sita ambao hawakuwahi kuhisi maumivu tangu kuzaliwa, kwa sababu kilango kimoja cha sodiamu katika neva zao kilikuwa na kasoro. Watoto hao waligunduliwa kupitia kwa mvulana mmoja wa miaka kumi aliyekuwa akifanya maonyesho barabarani: alijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Watafiti hawakuwahi kumchunguza. Aliruka kutoka kwenye paa la nyumba na kufa kabla ya kutimiza miaka 14.

Mafunzo ya ukoma

Mtu aliyefanya mengi kuliko wote kutufungua macho kuhusu mguu usiohisi hakuanza na kisukari. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alikuwa mpasuaji katika hospitali ya Vellore, kusini mwa nchi hiyo, akihudumia watu wenye ukoma. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma wenyewe ndio unaozifanya nyama za vidole zioze na kuanguka. Brand alionyesha kwamba sivyo. Viini vya ukoma huua neva. Vidole huharibiwa na mambo ya kila siku ambayo mwenyewe hayahisi, kama vile sufuria ya moto, mpini wa jembe au kiatu kinachobana.

Aligundua jambo jingine kuhusu kutembea. Mtu mwenye hisi timamu habadili tu mwendo anapoumia. Hubadili kidogo kidogo mchana kutwa bila kujua, akihamisha uzito kutoka kisigino hadi pembeni mwa wayo, kwa sababu nyama iliyochoka hunong'ona kabla haijapiga kelele. Asiyehisi hukanyaga pale pale kwa nguvu ile ile, hatua baada ya hatua, mpaka nyama ya ndani inapasuka. Kidonda cha namna hii huanzia ndani, chini ya sugu, na hutokeza nje kikiwa tayari kimekomaa.

Baadaye Brand alihamia kituo cha ukoma cha Carville, Louisiana, Marekani, na huko yeye na wenzake walijaribu kuunda maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vipima-nguvu ambavyo vingepiga king'ora mwilini mwa mgonjwa. Sauti na taa wagonjwa walizipuuza. Walipowekewa mshtuko wa umeme, mtu aliyetaka kumaliza kazi yake alizima mtambo kwanza, akamaliza, kisha akauwasha tena. Mradi ule uliachwa. Maumivu ya kweli hayana swichi mkononi mwa mwenyewe, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Sukari inavyoua neva

Seli nyingi, kama vile za misuli, huingiza sukari kwa idhini ya insulini. Neva hazingoji idhini hiyo. Sukari ikizidi katika damu huzidi pia ndani ya neva, hugeuka kuwa kemikali nyingine zinazozichosha, na wakati huo huo mishipa midogo ya damu inayozilisha neva huanza kuziba. Karibu nusu ya wenye kisukari hupatwa na madhara haya katika maisha yao, na kwa wengine yamekwisha kuanza siku wanapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana ugonjwa.

Ganzi huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza, maana neva za mkononi ni fupi na zamu yake huchelewa. Pamoja na hisi hupotea mambo mengine mawili. Neva zinazoamuru jasho hunyamaza, ngozi ikakauka na kupasuka visiginoni. Neva za misuli midogo ya wayo hulegea, vidole vikajikunja kama makucha, na uzito wote ukaangukia nyama iliyo nyuma ya kidole gumba.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wagonjwa sana. Neva inayokufa mara nyingi haifi kimya. Hupiga hodi ovyo bila sababu, na mtu huhisi miguu inawaka moto usiku, sindano zinamchoma, hata shuka haliwezi kugusa vidole. Mguu huo huo ukichomwa msumari wa kweli hausemi neno. Halafu, baada ya miaka kadhaa, moto hupungua, na mgonjwa hunijia akiwa na furaha kwamba dawa fulani aliyouziwa imemponya. Wakati mwingine sukari imetulizwa na nafuu ni ya kweli. Mara nyingi zaidi, neva zilizokuwa zikipiga kelele zimekwisha.

Mguu wa namna hii huumizwa na vitu vya kawaida mno. Kinachoongoza katika orodha yangu ni beseni la maji moto na chumvi, ambalo jamaa humwandalia mgonjwa kwa upendo ili aondoe uchovu. Yeye huweka miguu na kutulia, na malengelenge hutokea jioni. Kuna jiko la makaa wakati wa baridi ya Julai. Kuna kiti cha mbele katika matatu ambapo sakafu hupata joto la injini. Kuna wembe wa kukatia sugu na dawa za kuichoma. Mgonjwa mmoja alikuja na kizibo cha soda ndani ya kiatu. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi na kuzunguka nacho mjini siku nzima.

Jipime nyumbani

Hospitalini tunacho kijiuzi cha nailoni ambacho hupinda kikisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Asiyekihisi chini ya wayo amepoteza kinga. Lakini kuna njia isiyohitaji hata kijiuzi, iliyobuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Mwenye kisukari alale chali, afumbe macho. Mwingine amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi sana na kwa sekunde moja au mbili tu, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asisukume wala kukwaruza, na asirudie pale ambapo hakujibiwa. Jumla ni miguso sita. Asipohisi miwili au zaidi, mguu uko hatarini na anapaswa kumwona daktari.

Nasema hivi kwa sababu nimechoshwa na kliniki ambako mgonjwa hupimwa sukari, hupimwa presha, huandikiwa dawa na kwenda zake bila mtu yeyote kuona miguu yake. Usingoje kuambiwa. Ukiingia kwa daktari, vua viatu na soksi kabla hajauliza neno.

Si kisukari pekee kinacholeta ganzi. Pombe ya miaka mingi huleta, vivyo hivyo ukosefu wa vitamini B12, ambao huweza kuwapata pia wanaotumia metformini kwa muda mrefu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo huweza kuudhi neva, ndiyo maana huandamana na tembe za vitamini B6. Usizitupe kwa kudhani ni za kuongeza idadi. Hata hivyo sindano za vitamini B zinazodungwa kila mwenye ganzi mjini humu humsaidia yule tu aliyepungukiwa. B6 ikizidi sana, nayo huharibu neva.

Neva zilizokwisha kufa kwa kisukari hatuna dawa ya kuzifufua. Zilizobaki zinaweza kulindwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari barabara kulipunguza kuharibika kwa neva kwa asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi wetu, faida kwa neva haikuonekana kubwa kiasi hicho, na kwa hiyo kuilinda miguu yenyewe kunakuwa na uzito zaidi. Maumivu ya kuwaka usiku yana dawa zinazoyapunguza, kama amitriptilini, lakini hizo hutuliza kelele tu.

Aliyepoteza hisi atumie macho badala ya neva. Kila jioni atazame juu, chini na katikati ya vidole, na kama kuinama ni shida aweke kioo sakafuni au amwombe mjukuu. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Pekupeku hapana, hata ndani ya nyumba. Viatu vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa. Kidonda chochote, hata kidogo, kionwe hospitalini siku hiyo hiyo au kesho yake. Na mguu mmoja ukivimba na kuwa moto kuliko mwenzake bila kidonda na bila maumivu makali, usikandwe wala kutembelewa: huenda mifupa ya wayo inavunjika ndani na mwenyewe hana habari.

Kuhusu kununua viatu, nenda alasiri, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Wala usitegemee kujaribu tu, kwa sababu mguu wenye ganzi huona kiatu kinachobana ndicho kinachokaa vizuri. Simama juu ya kadibodi nyumbani, mtu achore umbo la wayo wako, ulikate na kwenda nalo dukani. Liingize ndani ya kiatu. Likijikunja pembeni, rudisha kiatu hicho rafuni na uombe kingine.